Kabla ya Kumlaumu Aliyesikia Vibaya



Leo nitazungumza juu ya maikrofoni, lakini si hii iliyo mbele yangu hapa studio. Ninayoitaka leo inakaa nje, juani na mvuani, ndani ya nguzo kando ya njia ya magari. Ni ile ya migahawa ambako mtu huagiza chakula bila kushuka garini: anasimama penye ubao wa vyakula, anasema anachotaka, kisha anasogea hadi dirishani kulipa na kuchukua mfuko wake. Marekani, ambako mtindo huu ulizaliwa na kukomaa, wanauita draivu-thruu, na Nairobi wanaoutumia wanauita vivyo hivyo.

Jambo langu nitalisema mapema. Agizo likikosewa pale, lawama humwangukia binadamu. Mteja husema mfanyakazi hasikii, mfanyakazi husema mteja ananong'ona au lafudhi yake haieleweki, na msimamizi huwagombeza vijana wake. Mimi nashikilia kwamba kabla ya kumlaumu yeyote kati yao, tukaikague nguzo. Makosa mengi tunayoyabandika kwenye masikio na ndimi za watu yalifanywa siku ile maikrofoni ilipofungwa.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya nguzo kulikuwa na wahudumu waliokwenda gari kwa gari wakiandika maagizo na kubeba sinia, na magari yalijaa uwanjani mpaka watu wamalize kula. Mwaka 1948 Harry Snyder na mkewe Esther walifungua kibanda kidogo cha hambaga huko Baldwin Park, California, wakakiita In-N-Out Burger. Snyder alipenda ufundi wa vifaa vya umeme, naye akaweka kisanduku cha kuzungumzia pande mbili, dereva huku na jikoni kule. Gari lilipita, halikukaa. Miaka mitatu baadaye, San Diego, Robert Peterson alifungua Jack in the Box, na spika ya kuagizia ikawekwa pamoja na kichwa cha sanamu ya mchekeshaji wa sarakasi. Watu hawakuwa wamezoea kusemeshwa na sanamu, kwa hiyo liliwekwa tangazo la kuwatahadharisha. McDonald's walichelewa hadi 1975. Walianzia Sierra Vista, Arizona, jirani na kambi ya jeshi ya Fort Huachuca, kwa sababu askari hawakuruhusiwa kushuka garini nje ya kambi wakiwa na sare za kazi. Chakula kikafikishwa dirishani mwa gari ili amri isivunjwe.

Tangu siku hizo mbao za vyakula zimegeuka kuwa skrini kubwa zinazong'aa, na malipo yanapita kwa simu. Sauti ya mtu, hata hivyo, bado inalazimika kusafiri kutoka mdomoni hadi kwenye kipande kidogo chenye ukubwa wa kifungo cha shati, kikiwa kimezungukwa na injini, upepo na honi. Mwenye mgahawa hutumia fedha nyingi kwenye skrini, kisha kwa maikrofoni akamwambia fundi atafute popote pa kuichomeka. Hapo ndipo ninapokasirika.

Shida ya kwanza ni umbali. Mimi hapa nimekaa shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, yaani kama sentimita 20. Dereva yuko mita moja kutoka kwenye nguzo, na akiwa mwoga wa kukwaruza gari lake, yuko mbali zaidi. Kanuni ya fizikia inasema kwamba mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti inashuka desibeli 6. Kutoka sentimita 20 hadi mita moja nimekwishapoteza desibeli 14 hivi. Kelele za barabarani hazikupungua hata chembe. Ukiongeza nguvu ya kikuza sauti, unaongeza vyote viwili kwa pamoja, mtu na kelele, na uwiano wao unabaki ule ule. Hakuna kitufe jikoni kitakachorudisha kile kilichopotea kati ya mdomo na nguzo. Kinachosaidia ni kuisogeza maikrofoni karibu, kuiweka kimo cha dirisha la gari, na kuielekeza mdomoni mwa dereva badala ya kuielekeza barabarani.

Kimo hicho nacho kina mtihani wake. Gari dogo liko chini, pikapu iko juu, na huko Marekani pikapu ni nyingi. Fundi mwenye kujali hupima magari yanayopita pale hasa, na hakubali kufuata mchoro uliotoka ofisini. Tena upande ni muhimu. Marekani dereva anakaa kushoto, kwa hiyo njia inazunguka jengo huku nguzo ikiwa kushoto kwake. Kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania, dereva anakaa kulia. Mchoro ukiletwa jinsi ulivyo kutoka kule, kila kitu kinapaswa kugeuzwa: njia, dirisha, nguzo, na mwelekeo wa maikrofoni.

Baada ya umbali, injini. Injini ya silinda nne inayounguruma imesimama, kwa mizunguko 800 kwa dakika, huchoma mafuta karibu mara 27 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba mzizi wa mngurumo wake uko kwenye hezi 27, na marudufu yake yanapanda kutoka hapo: 54, 81 na kuendelea. Hii ni bahati kwetu, kwa sababu sehemu kubwa ya mngurumo huo iko chini ya yale masafa yanayobeba maneno. Chujio linalokata sauti nzito huondoa sehemu kubwa ya injini bila kumdhuru msemaji. Dizeli ni ngumu zaidi, kwa kuwa ina mgongano wa juu unaoingia katikati ya usemi, na hapo chujio peke yake halitoshi. Hapo unahitaji maikrofoni yenye kusikia zaidi kilicho mbele yake na kuzipa kisogo sauti za nyuma na pembeni.

Lakini pana jambo ambalo mafundi wengi hawalifikirii. Nguvu ya usemi wetu iko kwenye irabu, ile A ndefu inayosikika hadi ng'ambo ya mto. Maana hubebwa zaidi na konsonanti, nazo ni dhaifu. Sema pasi, kasi, basi, nasi. Kinachozitenganisha ni pumzi ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Sauti kama S na F zina nguvu zao juu ya hezi 4000, na simu ya kawaida kwa miaka mingi ilibeba kati ya hezi 300 na 3400 tu. Ndiyo sababu mtu akitaja jina lake kwa simu hulazimika kusema S ya samaki, F ya fundi. Sasa chukua maikrofoni nzuri, ifunike kwa bati lenye vitundu vichache, weka mbele yake sponji iliyojaa vumbi na maji ya mvua. Irabu zitapita. Konsonanti zitabaki pale kwenye sponji. Mfanyakazi atasikia kwamba mtu anazungumza, atasikia hata kwamba amekasirika, lakini hatajua kama amesema tatu au tano.

Ndiyo maana sponji ile inapaswa kubadilishwa kwa ratiba, kama vile chujio la mafuta jikoni linavyobadilishwa. Haigharimu kitu cha kutisha. Inasahaulika kwa sababu iko ndani ya nguzo, na asiyeiona haimkeri.

Tatizo la tatu kila aliyewahi kufunga vyombo vya muziki kwenye harusi analijua: maiki ikitazamana na spika, inapiga mluzi wa kupasua masikio. Kwenye nguzo ya kuagizia, spika na maikrofoni vinaishi nyumba moja. Sauti ya mfanyakazi inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maikrofoni, inarudi kwake, na mzunguko unaanza. Mitambo mingi ya zamani ilikwepa jambo hili kwa njia rahisi: mfanyakazi alibonyeza kitufe kusema na kukiachia kusikia, na wawili hawakuweza kusema kwa wakati mmoja. Ilifanya kazi, lakini ilikata maneno. Mteja aliyeanza kusema kabla ya kitufe kuachiwa alipoteza neno lake la kwanza, na neno la kwanza mara nyingi ndilo lenye idadi.

Mitambo ya siku hizi huruhusu pande zote mbili kusema pamoja, na kompyuta ndogo ndani yake inajua spika imesema nini na inakiondoa katika kile maikrofoni ilichosikia. Ni ufundi mzuri. Hata hivyo kompyuta hiyo haitakiwi kubebeshwa uvivu wa fundi. Maikrofoni iwekwe kwenye kijichumba chake ndani ya nguzo, kikiwa kimezibwa kwa sponji nzito pande zote isipokuwa mbele, isigusane na chuma kinachotikiswa na spika. Ukiona skrubu imeikaza maikrofoni moja kwa moja kwenye bati, jua kwamba bati lote limegeuka sikio: linasikia spika, linasikia matone ya mvua, linasikia hata mlango wa gari ukifungwa.

Chini ya lami kuna siri nyingine. Waya huzungushwa mara chache ndani ya mfereji mwembamba uliokatwa kwa msumeno, kisha mfereji ukazibwa. Gari likisimama juu yake, chuma cha gari hubadilisha tabia ya umeme katika waya ule, na mtambo unatambua. Mlio unasikika katika hedseti ya mfanyakazi na maikrofoni inafunguka. Waya ule ukizikwa nyuma mno, maikrofoni inafunguka wakati dereva bado anakuja, na mfanyakazi anaanza kumsalimu mtu asiyefika. Ukizikwa mbele mno, mtu anasema peke yake kwa nguzo iliyolala. Nimeona watu wakisogeza gari mbele na nyuma wakidhani wao ndio hawajui kuegesha.

Na nyaya za maikrofoni ziwe na ngao, ngao hiyo iunganishwe ethi upande mmoja tu, zisipite paipu moja na nyaya za umeme wa taa za ubao. Zikipita pamoja, mvumo wa umeme utaingia kwenye sauti, hezi 60 kule Marekani, hezi 50 huku kwetu. Nguzo iwe na tundu la kutolea maji chini. Hayo yanatosha kwa upande wa nyaya.

Nikae zaidi kwa mtu aliye upande wa pili. Tangu miaka ya 1980 hedseti zisizo na waya zimemwondoa mfanyakazi kwenye kiti mbele ya kisanduku. Sasa anatembea. Anasikiliza gari la nguzoni huku akimrudishia chenji mtu wa dirishani na mkono mwingine ukijaza barafu kwenye gilasi. Sikio lake halipumziki zamu nzima. Kila mvumo na kila mkwaruzo ambao fundi aliuacha, yeye anaubeba kichwani hadi jioni. Mtu anayelazimika kukisia maneno kutwa nzima huchoka kuliko anayesikia vizuri, na aliyechoka hukosea zaidi, na aliyekosea huonywa. Ninazungumzia kazi ya watu wanaolipwa kidogo, wengi wao vijana na wengi wageni.

Miongoni mwao wamo watu wetu. Kwa miaka kadhaa Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani, na wengi wao huzungumza Kiswahili. Katika miji kama Louisville, Kentucky, utakisikia madukani na makanisani. Mtu aliyetoka Kivu, akapita kambini, akajifunza Kiingereza ukubwani, anavishwa hedseti na kuambiwa amsikilize mtu wa Kentucky anayekata maneno, katikati ya dizeli, kupitia sponji iliyooza. Akikosea, inasemwa kwamba hajui lugha. Mbona kaunta, ana kwa ana, anamwelewa mtu yule yule? Mpe sauti safi kwanza, ndipo umpime.

Wapo walioamua kumhamisha kabisa msikilizaji. Mnamo 2004 iliripotiwa kwamba mgahawa mmoja wa McDonald's huko Cape Girardeau, Missouri, ulikuwa ukipokelewa maagizo yake na watu waliokaa Colorado Springs, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka pale, na agizo likarudi jikoni kwa kompyuta kabla gari halijafika dirishani. Mwenye migahawa aliyeanzisha mpango huo, Steven Bigari, aliona kwamba mtu asiye na kazi nyingine ila kusikiliza husikia vizuri zaidi. Nadhani alikuwa sahihi kuhusu kusikiliza. Lakini hata mtu wa Colorado anasikia kile tu ambacho maikrofoni ya Missouri imekiokota.

Sasa wamekuja na mashine. Kuanzia 2021 McDonald's na IBM walijaribu mtambo wa kupokea maagizo kwa akili mnemba katika migahawa zaidi ya 100 ya Marekani, na jaribio likafungwa Julai 2024. Wengine wanaendelea, Wendy's wakiwa pamoja na Google. Kampuni nyingine ya mitambo ya aina hiyo, Presto Automation, mwaka 2023 iliweka wazi katika taarifa zake kwa wadhibiti wa masoko ya mitaji kwamba maagizo mengi ya mtambo wake yalipita mikononi mwa binadamu, wakiwemo waliokuwa Ufilipino. Yaani nyuma ya sauti ya mashine palikuwa na mtu aliyevaa hedseti, akihangaika na konsonanti zile zile.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa 2020 ulipima mitambo ya kutambua usemi ya kampuni tano: Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa wasemaji Wamarekani weupe, mitambo ilikosea kwa wastani maneno 19 katika kila 100. Kwa Wamarekani weusi ilikosea 35. Sababu kubwa ni kwamba mashine zilifundishwa kwa sauti za watu fulani zaidi ya wengine. Nikilisoma hilo namkumbuka James West, mhandisi mweusi mzaliwa wa Virginia, ambaye mwaka 1962, katika maabara ya Bell, yeye na Gerhard Sessler walibuni maikrofoni ya elektreti: ndogo, rahisi kutengeneza, isiyohitaji umeme mwingi. Ilienea duniani kote, ikaingia kwenye simu, kinasa sauti, kifaa cha kusaidia kusikia. Mtu mweusi alisaidia kuipa dunia sikio la bei nafuu, na mitambo iliyojengwa juu ya sikio hilo ikawasikia vibaya watu wa rangi yake. Hili linaniuma, na halirekebishwi kwa kumwambia mteja arudie polepole. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti zinazotolewa kwa hiari, na Kiswahili kimo. Ningependa wasemaji wa Lubumbashi, Bujumbura na Lamu watoe sauti zao humo, kila mmoja kwa lafudhi yake, kabla mashine za namna hiyo hazijaletwa kwetu zikiwa zimekwishaamua nani anasema sawasawa.

Wapo pia ambao nguzo haiwafai kabisa. Kiziwi anayeendesha gari hupita nguzo na kwenda moja kwa moja dirishani, na si ajabu akapokewa kwa uso uliokunjwa kana kwamba amevunja foleni. Marekani ina sheria ya 1990 ya haki za watu wenye ulemavu, lakini sheria haijui kama kijana wa dirishani ameambiwa. Kalamu na karatasi dirishani, pamoja na maelezo kwa wafanyakazi kwamba jambo hili ni la kawaida, ni sehemu ya kufunga mtambo. Ningeiandika kwenye orodha ile ile ya skrubu na nyaya.

Utasema, mimi sina gari, na mtaani kwangu hakuna nguzo hiyo. Lakini dirisha la kioo la benki unalijua, na la kukatia tiketi, na la hospitali ambako mgonjwa huinama kwenye tundu dogo akipiga kelele jina la ugonjwa wake mbele ya foleni nzima. Baadhi ya madirisha hayo yamefungwa maikrofoni na spika, na kanuni ni zile zile: umbali, mwelekeo, sponji, kutenganisha kinachosema na kinachosikia. Bibi mwenye sauti ndogo asilazimike kutangaza siri zake kwa sababu kuna aliyeichomeka maikrofoni kiunoni mwa kaunta.

Kwa hiyo ninawaomba mafundi wetu, na wanaowalipa, jambo moja la kikazi. Msikubali mtambo upokelewe kwa fundi kusimama mbele ya nguzo na kusema moja mbili, moja mbili, kwa sauti kubwa. Lileteni gari dogo, kisha pikapu ya dizeli, injini zikiwa zinaunguruma. Awekwe ndani mtu mwenye sauti ndogo, mzee, mtoto, na mtu ambaye lugha ya pale si ya mama yake. Kila mmoja asome orodha ya vyakula na idadi, na mtu wa ndani, asiyeiona orodha, aandike anachosikia. Kisha linganisheni karatasi mbili, sogezeni maikrofoni, mrudie. Wakati wa mvua mrudie tena. Matokeo yaandikwe, yabandikwe ndani ya mlango wa nguzo pamoja na tarehe ya kubadilisha sponji, ili fundi atakayekuja mwakani ajue maikrofoni hii ilikuwa ikisikia kiasi gani siku ilipofungwa.